Gramu Ishirini na Nane

Tegeni masikio, kisha mtoe hukumu ninyi, maana mimi imenishinda.

Katika machimbo ya dhahabu, chini ya mlima mrefu, walikuwako mateka wanne. Nanzia, binti wa fundi mizani, alijua siri za vipimo. Kilewo alijaliwa uvumilivu. Shose alikuwa na miguu isiyochoka. Wa nne, Ndekirwa, alikuwa mpagazi tu, nao watatu walimpenda kama ndugu.

Siku moja walipandisha mizigo hadi ngome ya mtawala, juu kabisa kwenye baridi. Ndekirwa alibeba mfuko wenye kilo thelathini za dhahabu. Zilipopimwa kwa mizani ile ile ya springi iliyotumika machimboni, zikapungua gramu ishirini na nane.

"Mwizi!" mtawala akanguruma. "Mkateni kidole kila asubuhi na kila jioni, mpaka aseme alikoificha."

Mkono wa Ndekirwa ukalazwa juu ya gogo. Mkojo ukamtoka.

"Bwana, hakuna aliyeiba!" Nanzia akapaza sauti. "Springi huonyesha nguvu ambayo kwayo ardhi huuvuta mzigo. Ukipanda juu, mvuto hulegea. Urudishe mfuko chini, uzito utarudi."

Kwa kusema bila ruhusa alipigwa rungu la mdomo, meno yakamwagika. Lakini mtawala aliingiwa na shaka. "Haya, ukapimwe. Ila shoka halitangoja."

"Basi likate vyangu," akasema Kilewo, akausukuma mkono wa Ndekirwa na kuweka wake. Mtawala akacheka, akakubali. Siku mbili, vidole vinne. Kila shoka lilipotua Ndekirwa alifumba macho. Alipofumbua, Kilewo alikuwa akimtazama yeye, si mkono wake.

Shose akateremka na mfuko na mizani, askari wawili nyuma yake. Njiani mmoja alimrukia kwa panga ili atoroke na dhahabu. Bega la Shose likapasuka, naye akamponda kichwa kwa jiwe, akaendelea. Chini, mizani ikasoma kilo thelathini kamili. Askari aliyebaki akarudi naye, akashuhudia.

Mtawala akaashiria shoka liondolewe. "Ndekirwa, uko huru. Ondoka na mmoja wao. Wawili watarudi machimboni, wafie humo. Chagua sasa hivi."

Ndekirwa akawageukia. Hakuna aliyemsihi.

"Usinitazame mimi," Nanzia akanong'ona kwa mdomo uliovimba. Kilewo na Shose wakainamisha nyuso.

Haya, ninyi mlioketi hapa: mngemshika nani mkono?