Jina la Mtoto na Gari la Mjerumani

Mliokaa mbali sogeeni, na anayesinzia apigwe kiwiko, maana mwisho wa hadithi hii nitaihitaji midomo yenu yote.

Huko Lushoto walikuwako dada watatu, baba mmoja mama mmoja, na kila mmoja alizaliwa na chake. Kidawa, mkubwa, alizaliwa na pua. Akipita nyuma ya nyumba yako alijua ulichopika leo, alijua ulichopika jana, na alijua kama uliunguza. Mwantumu, wa kati, alizaliwa na vidole. Mpe khanga mbili amefumba macho, atakwambia ipi ya mama na ipi ya binti. Sihaba, mdogo wao, alizaliwa na masikio. Mgeni alipopiga hodi, yeye alikuwa ameshamwekea kikombe.

Ndugu yao wa kiume alikuwa Hizza, na Hizza naye alikuwa na chake: akipenda, amependa. Mkewe aliitwa Saumu. Saumu alikuwa na mimba ya kwanza, tayari kubwa, na alikuwa na hofu.

Basi Hizza akapenda gari. Halikuwa jipya. Lilikuwa gari la Kijerumani, la chini chini, la milango minne, la mbio, buluu iliyokolea, na lilikaa kwenye yadi ya dalali mmoja aliyeitwa Chambuso. Likiwashwa, kuku wa jirani walipanda ukutani. Saa yake ya spidi ilifika mia tatu. Na barabara ya kuteremkia Mombo, kwa wasioijua, ni kona juu ya kona, mlima huku korongo huku, hata mbuzi huiteremka kwa adabu.

"Uchungu ukikushika," Hizza alimwambia mkewe, "nakulaza kiti cha nyuma. Kabla hujasema aah, tuko hospitali bondeni."

Saumu hakusema aah. Lakini tangu hapo kila alipofumba macho aliiona ile barabara, akaiona kona, akaliona korongo, akajiona yeye na tumbo lake kiti cha nyuma, hana pa kushika. Akamwambia Hizza, naogopa. Akaambiwa, utazoea. Akamwambia tena, akaambiwa wajawazito ndivyo walivyo. Basi akajifunga khanga, akaenda kwa mawifi zake, akaingia bila hata hodi ya maana, akayasema yote kwa pumzi moja: wifi zangu, gari, lile la buluu, Hizza kesho analinunua, mimi sijui gari lakini moyo wangu haulitaki, njooni mlione, njooni mliguse, njooni tu.

"Kaa kwanza, wifi," alisema Kidawa. "Usije ukatuzalia jikoni watu wakasema tumekuroga."

Kesho yake wakaenda wote wanne. Chambuso alipowaona akapiga makofi. "Leo yadi yangu imepata harusi!" Wateja wakacheka, mawifi nao wakacheka, na Hizza, aliyekuwa ameshashika ufunguo, akaona haya, na mtu akiona haya husema makubwa.

"Haya," alisema. "Hospitali wametuambia mtoto ni wa kike. Atakayenifanya nimrudishie Chambuso ufunguo huu, huyo ndiye somo wa mwanangu. Mtoto ataitwa jina lake. Nimesema mbele ya watu."

Mawifi wakaacha kucheka. Kwao, kumpa mtoto jina la mtu si mchezo. Mwenye jina ndiye somo wake, ndiye anayemtoboa masikio, ndiye anayekaa naye ndani akivunja ungo, na akishazikwa, jina lake bado linaitwa uani.

Kidawa akaingiza kichwa garini. Mlinukia marashi, marashi mengi. Akavuta pumzi, akatulia, akavuta tena. "Chini ya marashi kuna tope," alisema. "Tope la mto. Gari hili limelala majini."

"Mama, hiyo ni harufu ya ngozi ya Ulaya," alisema Chambuso.

"Ulaya wana kambale?" Kidawa akafunua zulia, na chini yake palikuwa na udongo wa kijivu, umekauka na kupasuka kama mto wa kiangazi. Hizza akakuna kichwa. "Maji hukauka," alisema. Lakini ufunguo aliokuwa akiuzungusha kidoleni, akaacha kuuzungusha.

Mwantumu akafumba macho, akapitisha vidole kuanzia taa ya mbele, polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma akasimama. "Hapa pana kovu."

"Pikipiki ilikwaruza kidogo," alisema Chambuso.

"Mkwaruzo hauzunguki mwili mzima, kaka yangu. Huu umepanda paa, umeshuka upande wa pili, umeingia chini. Haya ni magari mawili, yamefungishwa ndoa." Hizza akalala chini, akachungulia, akaiona alama ya kuchomelewa kutoka ubavu hadi ubavu. Akainuka, akajipangusa. "Ndoa nyingine hudumu," alisema. Lakini ufunguo akautoa kidoleni, akaufumbata.

Sihaba akaomba gari liwashwe. Likanguruma, watu wakafurahi, yeye akawanyamazisha kwa mkono. "Kaka, kanyaga breki. Achia. Kanyaga tena." Akainamisha kichwa. "Kila ukikanyaga, kuna kitu kinapumua huko chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Kaka, breki hizi zinakuaga."

Safari hii Chambuso akaanza kufuta kioo kisichokuwa na vumbi. Hizza akageuka, akamwona Saumu pale getini, mikono yote miwili chini ya tumbo, hajasogea hata hatua. Akazima gari. Akamrudishia Chambuso ufunguo.

"Mmeniharibia biashara kwa pua na vidole!" Chambuso alipiga kelele, na siku chache baadaye akaliteremsha gari mwenyewe, akatafute mnunuzi huko Mombo. Kwenye kona moja kali akakanyaga breki, ikazama hadi sakafuni. Gari likagonga jiwe, likakatika pale pale kwenye kovu. Nusu ya mbele ikabaki barabarani, Chambuso ndani yake, ameshika usukani, mzima. Nusu ya nyuma, na kiti chake, ikaenda korongoni.

Fundi aliyekwenda kuangalia alisema hivi: maji ndiyo yaliyokula paipu za breki, breki ndizo zilizolitupa, kovu ndilo lililolikata.

Saumu alipoambiwa, alikaa chini hapo hapo alipokuwa, akalishika tumbo.

Alipelekwa kujifungua na pikapu ya kabichi iliyopunguza mwendo hata pasipo kona. Mtoto alikuwa wa kike kweli. Siku ya jina shehe aliitwa, na mawifi watatu wakaja, kila mmoja na khanga mpya, na kila mmoja na maneno yake.

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema Kidawa. "Bila pua yangu mngekuwa bado mnashangaa rangi."

"Tope hufuliwa, breki hubadilishwa," alisema Mwantumu. "Kovu lile lingebadilishwa na nini? Na kiti cha nyuma kiliondoka na nini?"

"Mlisema ninyi, akabaki na ufunguo," alisema Sihaba. "Nikasema mimi, akaurudisha. Na kiapo kilikuwa cha ufunguo."

"Aliurudisha kwa kuwa sisi tulishamlegeza!" walisema wale wawili.

Hizza akajaribu kuchanganya majina matatu yawe moja, mama yake akamkatiza: "Mtoto haunganishwi vipande kama gari lile. Na mbona hamumtaji aliyewaita? Bila hofu yake, nani angekwenda yadini?"

"Mama, mtu hawi somo wa mwanawe," alisema Saumu haraka, kwa kuwa mawifi walikuwa wamemgeukia.

Hizza akashusha pumzi. "Niliapa mimi, lakini mdomo wangu nimeuchoka. Sema wewe, mke wangu."

Shehe ameshainama, sikio la mtoto liko karibu na midomo yake, anangoja jina. Kidawa anamtazama Saumu, Mwantumu anamtazama, Sihaba anamtazama. Na Saumu anaishi ua mmoja na hao watatu, wanachota maji bomba moja, na mtoto huyu ndio kwanza amefungua macho.

Msiniangalie mimi, mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Ungekuwa wewe ndiye Saumu, ungemwita mtoto nani?