Kibuyu Kilichonyamaza

Kibuyu kikinyamaza, siagi i karibu. Nimesema hivyo mara moja tu, na tayari mmeacha kazi mnanikodolea macho. Atugonza, umeweka chupa mezani, unasema malai yameharibika kwa sababu hayachezi tena ndani. Muganyizi, wewe unataka kujua kibuyu kimeingiaje kwenye jiko lenye friji. Haya, vuteni viti niwaeleze maneno haya yalikotoka. Ila chupa hiyo asiimwage mtu.

Kwetu Karagwe, zamani, siagi ilitengenezwa kwa maziwa ya mgando. Mwanamke aliyamimina yote ndani ya kibuyu, akakilaza mapajani, akakitikisa mbele na nyuma. Kibuyu kililia tangu mwanzo hadi siagi ilipopatikana. Watu waliizoea sauti ile hata wakawa na mwiko wake: kibuyu kikinyamaza kimekufa, na maiti haitikiswi. Kilichomo humwagwa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeuliza mwiko huo ulianzia wapi, maana hakuna aliyewahi kusikia kibuyu kikinyamaza.

Ndipo akaolewa pale Kemilembe, bibi yangu mzaa baba, kutoka ng'ambo ya mto. Kwao hawakutikisa maziwa yote. Waliengua utando mzito wa juu, ndiyo malai kama hayo ya chupa yenu, wakaukusanya, wakatikisa huo peke yake. Kemilembe alijua kuengua vizuri sana. Kutikisa ilikuwa kazi ya mama yake, na yeye saa hizo alikuwa nje anacheza. Msimcheke, maana na ninyi leo ndiyo mara ya kwanza kushika chupa hiyo.

Kibuyu chake cha kwanza kililia vizuri, kisha sauti ikawa nzito, kisha kimya. Mama mkwe wake, Nyamwiza, akaamuru kimwagwe. Cha pili kikafanya vilevile, nacho kikamwagwa. Mbwa wa pale walinenepa msimu ule.

Basi watu wakaanza kumtafuta mchawi. Jirani yao alikuwa mjane asiye na mtoto, jina lake Kokubelwa. Kila alipokwenda kisimani alipitia kwenye ua wao, na mara zote mbili alisimama mlangoni akasema, "Maziwa mazuri hayo!" Hilo likatosha. Wakasema ana jicho baya. Mbuzi nao walipita mara zote mbili, lakini mbuzi hawakushtakiwa.

Kilichouma ni hiki. Kemilembe alipojifungua, Kokubelwa ndiye aliyekesha naye. Ndiye aliyemwogesha mtoto, na alimpenda kama aliyemzaa mwenyewe. Sasa siku ya kumtoa mtoto nje ilikuwa imefika, na desturi ya ukoo ilitaka apakwe siagi iliyotoka kwenye jiko la kwao. Siagi ya kuomba haikukubaliwa. Nyamwiza akatangaza mbele ya wanawake wote: "Kibuyu kikinyamaza leo, Kokubelwa hatakanyaga tena ua huu, wala hatamgusa mtoto."

Asubuhi ile Kemilembe alikaa jikoni akatikisa, wanawake wamemzunguka, kila mmoja ametega sikio. Kibuyu kililia. Sauti ikawa nzito. Kikanyamaza.

Nyamwiza akasimama. "Mmesikia wenyewe. Kamwiteni."

"Lakini mama," Kemilembe akasema, "leo shangazi Kokubelwa hakupita hapa."

"Ameona kupitia uzio."

Kemilembe alikuwa amelaza sikio kwenye kibuyu, kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Akakiinua, akakipima mikononi. "Kitu kilichokufa hulegea," akasema. "Hiki kimekazana. Kwa nini?"

Nadhani swali lenyewe liliwaudhi. Kokubelwa akaletwa. Aliposikia hukumu yake, alimtazama mtoto kwanza, kisha akamgeukia Nyamwiza.

"Dada, nimejifungia ndani tangu kulipopambazuka ili nisisingiziwe. Sasa niambie, jicho langu limetokea mlango gani?"

Nyamwiza akaangalia chini. "Kibuyu kimekufa. Basi."

"Kama nimekiua, nipeni nikakizike mwenyewe."

Kemilembe akampa upesi, kabla hajakatazwa. Kokubelwa akaketi palepale sakafuni, akakilaza mapajani, akaanza kukitikisa. Wanawake wakapiga yowe.

"Maiti haitikiswi!" Nyamwiza akafoka. "Unavunja mwiko wa ua huu!"

"Mwiko ni wa wenye ua. Mimi mmeshanifukuza."

Akaendelea kutikisa. Wala msidhani alikuwa na hekima fulani ya siri. Alikuwa na hasira tu, na machozi yanamtiririka. Alitikisa mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani, na kibuyu kimya vilevile. Halafu pakasikika kitu ndani. Kubwi! Kisha tena, kubwi, na maji yakicheza pembeni yake. Mkono wa Kokubelwa ukasita. Kemilembe akakizibua kibuyu, akakiinamisha juu ya bakuli. Yakatoka maziwa mepesi, na nyuma yake likafuata donge la siagi ya manjano.

Wanawake wakasogea, wakainama juu ya bakuli.

"Mama," Kemilembe akasema polepole, "kumbe utando mtupu hukazana kwanza ukanyamaza, ndipo siagi hujitenga. Mara mbili tumewamwagia mbwa siagi."

Nyamwiza alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo. Akalichukua lile donge, akaliosha, akalipeleka kwa Kokubelwa kwa mikono miwili. "Nimekukosea, dada. Mpake mtoto wewe."

"Ngoja ninawe kwanza," akasema Kokubelwa. "Mikono hii imesemwa sana."

Akanawa, akampaka mtoto yule utosini, mashavuni, mpaka nyayoni, taratibu, bila kuharakishwa na mtu. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Alizikwa mzee wa mvi, na hadi mwisho alimwita Kokubelwa mama.

Walipokuwa wakitawanyika, mwanamke mmoja akauliza, "Na kikinyamaza tena, tufanyeje?" Kokubelwa alikuwa bado amempakata mtoto. Akajibu bila kuinua kichwa, na jibu lake ndilo mlilolisikia leo. Baadaye watu walilisema kwa mwanamke ambaye uchungu wake umechelewa, na kwa ndugu waliokata tamaa ya kupatana wakiwa wamebakiza neno moja tu.

Haya, Atugonza, chukua chupa yako. Mkono ukichoka, mpe mwenzako, hapa hatuna mwiko. Inasemaje? Bado kimya? Tikisa, mwanangu. Kibuyu kikinyamaza, siagi i karibu.