Mbegu Zilizomwagiwa Maji ya Moto

Sikilizeni, ndugu zangu, na yule anayesinzia karibu na dirisha mwamsheni, maana huenda hadithi hii ni yake.

Alikuwapo mama mmoja mjane huko milimani, mtunza mbegu. Mbegu za nini? Za mti mmoja mfupi, adimu, wa jamii ya mikunde, wenye maua ya zambarau na maganda kama ya mbaazi. Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Ukimkosea mtu, huendi kwake mikono mitupu. Unakata tawi la mti ule lenye maua, unalishika kwa mikono miwili, unasimama mlangoni pake. Akilipokea, yamekwisha. Na kulikataa ni mwiko.

Basi mbuzi wakala, watu wakafyeka, ukabaki mti mmoja, nao ukakauka. Zikabaki mbegu tu, kwenye kibuyu cha yule mama. Kila masika alipanda chache kwenye udongo mzuri, akamwagilia, akaomba. Wapi! Mbegu ngumu kama changarawe, hata moja haikuota. Na watu je? Wakaacha kusameheana. Ndugu wa tumbo moja wakawa wanapishana njiani kama hawajuani. Ukiwauliza, wanakujibu, "Tunasubiri mti uote." Mnacheka? Chekeni tu, tutafika kwenu.

Mama huyu alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, binti aliyeolewa kutoka bondeni, mgeni wa mambo hayo. Siku moja mama yuko shambani, binti akasema moyoni, leo nimfurahishe mama, nimpikie makande. Akakikuta kibuyu, akachungulia, akadhani ni kunde. Na kunde kavu si hulowekwa? Akazimimina zote kwenye sufuria, akazimwagia maji yanayochemka, akafunika.

Mama akarudi na jembe lake begani.

"Kibuyu changu nani kakigusa?"

"Ni mimi, mama. Nimeloweka kunde, nataka nikupikie makande."

"Kunde! Ole wangu mimi! Umeniulia mti wa kijiji kizima!"

Binti akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama. Sikujua."

"Kwetu neno hilo haliji mikono mitupu. Linakuja na tawi. Na tawi umeshalipika!"

Akainyakua sufuria, akaenda kuimwaga nyuma ya jiko, kwenye shimo la majivu na maganda ya ndizi. Tangu siku hiyo binti akimletea chai, mama anapokea kikombe bila kumtazama. Chakula anakula, salamu haitikii. Msidhani hakuumia. Alimpenda sana binti yule, na kila akimnunia, moyo wake mwenyewe ulikuwa unamchoma. Lakini atasamehe vipi bila tawi? Desturi ni desturi.

Mvua zikanyesha. Asubuhi moja mama akapeleka maganda shimoni, akasimama kama aliyepigwa na butwaa. Shimo zima limejaa miche! Akainama, akayashika yale majani madogo. Aliyajua tangu utotoni.

"Maji ya moto!" akasema. "Miaka yote nimezibembeleza, kumbe zilitaka maji ya moto!"

Akacheka, akalia, vyote pamoja. Mti haukufa. Angoje tu uchanue, ndipo watu wapatane. Lakini alipogeuka, akamwona binti kupitia mlango wa jiko, anafunga nguo zake kwenye kanga. Anarudi kwao.

Yule mama akakimbia, mikono imejaa tope, akapiga magoti mbele ya mkwe wake. Mama mzima!

"Mwanangu, nisamehe."

Binti akashtuka. "Inuka, mama! Na tawi liko wapi?"

"Tawi bado halijafika hata urefu wa kidole. Likichanua nitakuletea. Mimi siwezi kulisubiri."

Binti akamwinua. Kisha akalifungua fundo la kanga.

Sasa nawauliza: mbegu ngumu ilikuwa ipi? Zile za kibuyuni zililegea siku ileile. Iliyochelewa ni ile ya kifuani.

Nasi ndivyo tulivyo. Tukimwagiwa maji ya moto tunalia kwamba tumekwisha, kumbe Mungu analegeza ganda. Na msamaha tunauwekea masharti: aje yeye kwanza, aje na wazee, aje Krismasi. Tunasubiri maua! Ndugu yako anafunga nguo zake leo, wewe unasubiri maua?

Kwaya, msiimbe kwanza. Nawaona wawili pale, kila mmoja kakaa ncha yake ya benchi, katikati mmeweka vitabu vya nyimbo. Sitawataja. Ondoeni vitabu hivyo, msogeleane, na sisi tutawangoja.