Hodi ya Mama Kundenyika

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini, wajukuu zangu? Pakawa mchanga, pakawa jua, pakawa ua moja tu jekundu. Sogeeni.

Hapo kale, kale sana, jangwani aliishi Mama Kundenyika, ua la ukoo mmoja na kunde hizi tunazopika. Mvua ikagoma. Majani yakamdondoka, moja, moja. Watoto wake, mbegu, akawafungia ndani ya ganda gumu, akawafukia mchangani.

"Wanangu, mkisikia hodi, ulizeni: una maji? Asiye na maji msimfungulie. Atakayetoka kungali kukavu atakufa. Hata nikiwa mimi, msinifungulie."

Watoto wakacheka. "Mama naye! Wewe tukufungie nje?"

Jua likawaka, likawaka. Akaja Panya, njaa imemkaba.

"Hodi! Mimi Mvua!"

"Una maji?"

"Ninayo, nimeyaacha kwa shangazi."

"Basi kanywe na shangazi yako!"

Panya akaenda zake. Akaja Kanga, akakung'uta umande wa mbawani.

"Hodi! Mimi Mvua!"

"Una maji?"

"Si hili tone?"

"Mvua gani inakwaruza kwa kucha? Nenda zako, Bi Madoadoa!"

Kanga akaenda zake. Jua likawaka, likawaka. Mama Kundenyika akajua siku zake zimekwisha. Akatamani kumwona kitindamimba wake, mara moja tu. Akainama, akainama, kichwa kikagusa mchanga.

"Hodi, wanangu."

"Una maji?"

Akatafuta hata chozi. Hakuna.

"Sina."

"Ni mama!" kitindamimba akalia. "Dada, fungua, ni mama!"

Dada akamshika, naye analia. "Mama ndiye aliyetukataza."

"Mama," kitindamimba akaita, "ni wewe?"

Wajukuu zangu, mama akaegemeza shavu mchangani. Kisha akasema taratibu:

"Hapana, mwanangu. Mimi ni upepo tu. Lala."

Akakatika.

Mvua ikaja, mvua yenyewe, maji yakapenya mpaka ndani ya ganda. Watoto wakatoka mbio: "Mama! Mama!" Wakakuta bua kavu limelala mlangoni pao.

Wakakua, wakachanua wakilia; ndiyo maana ua la kundenyika ni jekundu kama macho yaliyolia, na katikati lina doa jeusi la msiba. Tena limeinama, linatazama chini pale mama alipolala.

Basi shikeni: neno la mzazi laweza kukuuma hata ulie, lakini ndani yake amekuwekea uhai.

Hadithi yangu imekaukia hapa. Mwenye chozi ainyweshe.