Mpe Nyani, Nyani Atafikisha

Nina mzigo wa maneno!

— Tua tukupokee!

Nitue wapi?

— Hapa katikati yetu!

Una ukweli kidogo na uongo kidogo.

— Changanya tule!

Basi hapo zamani, wanyama walipokuwa wakipeana pole kwa midomo yao wenyewe, kulikuwa na Pimbi mmoja jina lake Kidawa. Pimbi mnamjua. Mnyama wa mawe, mdogo, mnene kama mkate wa kumimina, hana mkia wa kuringia wala pembe za kutishia. Kidawa aliishi juu mlimani, kwenye ufa wa mwamba, pakavu, panapopigwa na jua la asubuhi.

Rafiki yake wa roho alikuwa Digidigi, aliyeishi chini bondeni, kando ya mto Tiriri. Kila jua lilipopoa, Digidigi alipanda mpaka nusu ya mlima, Pimbi alishuka mpaka nusu ya mlima, wakakaa wakapiga soga. Wakati huo Digidigi alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Shoga, naogopa," alisema Digidigi.

"Ogopa tu," alisema Pimbi, ambaye alikwisha kuzaa mpaka akazoea. "Siku ikifika, niite. Nitashuka."

Siku ikafika. Lakini ilifika pamoja na mvua.

Mvua ilianza ti, ti, ti. Ikawa tititititi. Ikawa shaaaa! Ikanyesha usiku na mchana, ikanyesha mpaka vyura wenyewe wakasema basi, inatosha. Kisha mlima ukanguruma tumboni, guruguruguru, na mto Tiriri ukaruka kingo zake, buuuu! Ukabeba vichaka, ukabeba viota, ukabeba nyasi na waliolala ndani ya nyasi. Digidigi aliita. Aliita kwa sauti yake yote. Lakini nani amsikie, maji yakipiga kelele kiasi kile?

Maji yalipopungua, bonde lote lilikuwa tope. Waliookoka walijibanza juu ya kiinuko kidogo: Nungunungu mzee na miiba yake imelowa, Kanga aliyepoteza mayai yote, Sungura na jamaa zake, na Digidigi, aliyejifungua mtoto wa kike katikati ya mafuriko. Akamwita Afua.

Habari zikapanda mlimani, na mlimani hapakuwa na jicho kavu. Kila mmoja akatafuta alichonacho. Kuro akafunga nyasi laini. Ngedere akateremsha mkungu wa ndizi. Kicheche akatoa asali. Na Pimbi? Pimbi akachukua makuyu yake makavu, akiba ya familia nzima, akachukua na manyoya laini aliyowatandikia wanawe, akafunga kifurushi.

"Mama, sisi tutalalia nini?" wanawe wakauliza.

"Mtanilalia mimi," akasema, akaondoka.

Sasa, njia ya kushuka bondeni ilikuwa moja, nayo ilipita mbele ya pango la Nyani. Nyani mwenyewe dume, kifua kama ngoma, mabega kama mlango. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, anajifuta machozi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameunyoosha.

"Bwahu! Ndugu zangu, roho inaniuma! Lakini njia ni mbovu, tope linameza miguu. Kwa nini mteseke? Mpe Nyani, Nyani atafikisha!"

Akaja Kuro na nyasi. "Mpe Nyani, Nyani atafikisha!" Akampa.

Akaja Ngedere na ndizi. "Mpe Nyani, Nyani atafikisha!" Akampa.

Akaja Kicheche na asali. "Mpe Nyani..."

— Nyani atafikisha!

Ehee. Akampa. Akaja Pimbi na kifurushi chake.

"Mimi nitakwenda mwenyewe," akasema. "Shoga yangu amejifungua, nataka nimwone kwa macho yangu."

Nyani akamwangalia kutoka juu mpaka chini, na safari haikuwa ndefu. "Na vimiguu hivyo? Tope litakumeza, kesho tutachanga kwa ajili yako. Mpe Nyani, Nyani atafikisha!"

Pimbi akawakumbuka wanawe, akaogopa. Akampa. "Umwambie Digidigi makuyu haya ni ya Kidawa. Umwambie ayale yeye, asigawe."

"Nitamwambia, dada yangu. Nitamwambia."

Jua likachwa, likachomoza. Pimbi akarudi kuuliza.

"Makuyu yalifika?"

"Yalifika!" akasema Nyani. "Digidigi alilia kwa furaha. Akasema, mwambie Kidawa Mungu ambariki." Akacheua, be-e-e, akafunika mdomo.

Pimbi akarudi nyumbani, lakini moyo ulikataa kutulia. Digidigi hakuwa mtu wa kutuma salamu fupi namna ile. Ningekuwa mimi, aliwaza, ningesema mtoto ana macho ya nani. Asubuhi akawaacha wanawe kwa jirani, akaiacha njia, akateremka kwenye majabali ambako hakuna mwenye mguu mkubwa anayeweza kupita, tiki tiki tiki, mpaka chini. Tope likamfika shingoni. Akapiga mbizi, akatoka, akapiga mbizi, akatoka, akafika kwenye kiinuko akiwa mweusi kama chungu.

Digidigi alikuwa amelala. Mbavu zilihesabika. Afua alikuwa ananyonya, nyu, nyu, nyu, anaacha, analia sauti ndogo, ananyonya tena.

"Shoga," akasema Pimbi.

Digidigi akainua kichwa. "Kidawa! Nilikuita, shoga. Nilikuita sana."

"Sikukusikia. Nisamehe." Akamlamba paji la uso. "Makuyu hayakukupa nguvu?"

"Makuyu gani?"

Pimbi akasogea karibu. "Na nyasi za Kuro?"

"Nyasi gani, shoga? Hapa hajafika mtu. Wewe ndiye wa kwanza. Tulidhani mmetusahau."

Pimbi aliangalia lile titi kavu, akamwangalia Afua anavyolivuta. Akataka kulia, akaona kulia hakutatoa maziwa. Akawaomba wale wote, "Niambieni mnachohitaji, na mwenye kuhitaji zaidi aanze." Akasikiliza kila mmoja mpaka mwisho. Kisha akapanda mlima kwa hasira, na hasira ya pimbi ni ndogo lakini haina breki.

Akapenya nyuma ya pango la Nyani, akachungulia ufani. Lo! Ndizi mpaka dari. Asali. Mahindi, karanga, nyasi. Na katikati yake Nyani mwenyewe, amelalia manyoya ya watoto wa Pimbi, anatafuna: kacha kacha kacha, ng'wa. Kacha kacha kacha, ng'wa.

Kupigana naye? Kofi moja tu na Pimbi angekuwa mkeka. Akazunguka mbele, akakaa juu ya jiwe mlangoni, akaanza kujisemea kwa sauti.

"Kwiii! Wengine wana bahati jamani! Mjomba anakuja na neema yote ile, na hapa hatasimama!"

Kacha kacha ikakatika. Nyani akatoa kichwa. "Mjomba gani?"

"Mjomba wangu Tembo."

"Tembo? Mjomba wako wewe? Bwahu-hu-hu!"

"Cheka tu. Hebu tazama meno yangu ya mbele. Tazama na kucha zangu."

Nyani akainama, akatazama. Kweli, meno yalichomoza kama vipembe, na kucha zilikuwa butu, za kitembo-tembo. Kicheko kikamwisha. "Anakuja na nini?"

"Miwa. Mihogo. Mahindi mabichi. Mapapai, yeye na wenzake wanayabeba moja moja kwa kuwa hayaingii mawili kwenye mkonga. Wamesikia habari za mafuriko."

Mate yakamdondoka Nyani, do, do, do. "Umemwambia ampe Nyani?"

"Nimemwambia! Lakini mjomba ana masharti yake. Kwanza huchungulia ghala. Akilikuta lina kitu, husema, hawa wameshiba, hupita akaenda kwa wengine. Akilikuta tupu, tupu kabisa, hulijaza mpaka mlango haufungi." Pimbi akapumua. "Sasa ghala lako, sijui..."

"Nitavificha!"

"Kwa pua ile? Ukifukia kuyu moja chini ya jiwe, analinusa kutoka mlima wa pili."

Nyani akajikuna kichwa. Akajikuna kwapa. Akatembea huku, akatembea kule. Pimbi akamwacha atembee. Alijua kwamba Nyani hupenda akili iliyotoka kichwani mwake mwenyewe.

"Nimepata!" akasema Nyani. "Bondeni! Bondeni kunanuka tope, hata tembo hanusi kitu. Nitavitua kule, mjomba akishajaza ghala nitavirudia!"

"Mheshimiwa, una akili wewe! Lakini wale wenye njaa wakivila?"

"Wale tu, watakula kiasi gani? Kinachokuja ni kikubwa zaidi."

"Basi niwaite wanyama wakusaidie kubeba?"

"Usithubutu! Waone ghala limejaa?"

Kwa hiyo Nyani alibeba mwenyewe. Alibeba ndizi begani, akaingia topeni, puku, puku, puku, akatua, akarudi. Alibeba mahindi, puku, puku, puku, akatua, akarudi. Pimbi alikuwa amepanda juu ya mzigo, anaelekeza.

"Karanga weka kwa Kanga. Asali ni ya Nungunungu, ana kidonda. Taratibu, Mheshimiwa, huyo mzee. Makuyu haya lete huku. Na manyoya haya, mtandikie huyu mtoto."

"Nimtandikie?"

"Mjomba asije akayaona."

Akamtandikia.

"Asante, Bwana Nyani!" wakasema wa kiinukoni. "Asante! Mungu akuzidishie!" Nyani alikuwa hajawahi kushukuriwa maishani mwake. Hakujua aangalie wapi, akaangalia tope.

Digidigi akala kuyu, akala jingine. Pimbi akakaa ubavuni pake, akimkandakanda polepole kwa vile vimiguu vyake. Wakakaa hivyo mpaka jua likapanda. Afua akanyonya, nyu, nyu, nyu, akaacha. Akanyonya tena, nyu, nyu, nyu... gulu. Gulu gulu gulu. Maziwa yakamtiririka kidevuni.

"Shoga," akasema Digidigi, "yametoka."

Hapo ndipo Pimbi alipolia.

Sasa kwa zile safari zote, mguu wa Nyani ulikuwa umelishindilia tope likawa njia nzuri, ngumu kama sakafu. Pimbi akapanda, akawaita wa mlimani. "Shukeni! Njia imepona. Na kabla hamjabeba kitu, waulizeni wanataka nini."

Wakashuka. Kuro akawakinga upepo kwa ubavu wake. Ngedere akawabeba watoto mgongoni ili mama zao wapate usingizi. Kicheche akachimba mashimo mapya, harara harara. Kobe hakuwa na kitu cha kutoa, akakaa na Kanga, akasikiliza habari za mayai yake, yai moja moja, bila haraka. Kanga alisema baadaye kwamba hakuna aliyempa kikubwa kuliko Kobe.

Na Nyani? Nyani alifagia pango, fya, fya, fya. Akakaa mlangoni. Akamngojea Tembo. Jua likapanda, hakuja. Jua likashuka, hakuja. Akangoja mpaka tumbo likaanza kumsemesha, ngroo, naye akalijibu, "Subiri kidogo." Mvua nyepesi ikaanza, akangoja ndani ya mvua.

Mara akasikia kwato ndogo zinapanda njia. Ni Digidigi, na Afua nyuma yake anayumbayumba, na Pimbi nyuma yao. Digidigi alikuwa na kifurushi mdomoni. Akakitua mbele ya Nyani.

"Tumesikia ghala lako limebaki tupu," akasema. "Ulituletea vyote, hukujibakizia hata ndizi. Sisi tumekaa tukaona aibu, baba. Hiki tumechanga kule chini. Ni kidogo."

Nyani akamtazama Pimbi. Pimbi akatazama mawingu, akayatazama kwa makini sana.

"Mjomba wako," Nyani akasema, "yuko wapi?"

"Labda amekwama topeni," akasema Pimbi.

Nyani akakifungua kifurushi, akala. Hakutafuna kacha kacha. Alikula taratibu, kama mtu anayejifunza. Afua alikuwa amechoka kwa mlima ule. Akajiegemeza kwenye mguu mkubwa wa Nyani, akajikunja, akasinzia hapo hapo. Nyani akauacha mguu pale pale. Mguu ukafa ganzi, kunguni akamuuma mgongoni, mvua ikamwingia sikioni. Hakusogea. Alikaa hivyo, amempanulia mtoto kiganja juu ya kichwa asilowe, mpaka alipoamka mwenyewe.

Ngano imenikaukia mdomoni. Mwenye maji anipe, mwenye kulala akalale.

— Na funzo lake?

Aa, funzo. Funzo ni hili: jirani yako akipatwa na mafuriko, usihangaike kushuka bondeni wala kuuliza msaada umefika wapi. Tafuta mlafi mwenye ghala kubwa, umpe vyote, ukalale. Atafikisha tu. Muhimu ni uwe na mjomba tembo.