Mnana na Nyumba ya Maneno

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mdomo. Sogeeni niwaambie ulivyomponza mwenyewe.

Hapo zamani za kale palikuwa na Mnana, ndege mdogo wa manjano. Alimpenda Siwema, mnana mwenzake, akampenda hadi akakosa usingizi. Lakini kwa minana mchumba hatoi mahari. Husuka nyumba ya majani, kisha bibi harusi huja na shangazi yake, na shangazi huivuta kwa mdomo. Ikianguka, hakuna ndoa mpaka asuke nyingine.

Mnana akakata majani mabichi, akayalaza tawini, akakaa kando kuyatazama.

Siwema akaja. "Nyumba iko wapi?"

"Nitajaribu, bibie."

Siwema akaenda zake. Akaja tena. "Nyumba iko wapi?"

"Nitajitahidi, bibie."

Akaja mara ya tatu, mawingu ya masika yameshatanda. "Nyumba iko wapi?"

"Nitajikakamua, bibie. Nitapiga moyo konde. Nitafunga kibwebwe."

"Bwana Mnana, maneno unayo," Siwema akasema. "Mayai yangu nitayataga kwenye neno lipi? Kesho naja na shangazi. Nisipoona nyumba, naolewa ng'ambo ya mto."

Mnana akaogopa kwelikweli. Akashika jani, akalipiga fundo. Kat! Likakatika. Majani yalikuwa yamekauka, yeye akiyahutubia.

"Ama kweli," akajiambia, "ningekuwa nasuka kwa maneno, leo ningekuwa na mtaa mzima." Akaenda kukata mengine.

Kesho yake shangazi akaivuta nyumba. Pu! Chini. Ndege wote wakacheka, Mnana naye akacheka.

"Hata mimi nisingelala humo," akasema, huku moyo unamuuma.

Akasuka ya pili. Shangazi akavuta. Pu!

"Hii imekawia kidogo kuanguka," Mnana akasema. "Naona maendeleo."

Akasuka ya tatu, mdomo umevimba hata kusema hawezi. Shangazi akavuta, akaning'inia mzimamzima. Nyumba ikapinda, ikayumba, haikuanguka. Siwema akaingia, na mvua ikashuka.

Punde akachungulia mlangoni. "Mume wangu, upande huu unavuja."

Mnana akafumbua mdomo aseme neno. Akaufumba. Akaruka kwenye mvua ile ile, akarudi na jani bichi.

Basi wenzangu, kujaribu kuna majina mengi, na yote ni matamu kuyatamka. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akiinama vibaya watu wakamcheka, acheke nao, ainame tena.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwafaa, iokoteni mwende nayo. Isipowafaa, nivumilieni, maana mimi ninayewafundisha kusuka, hata ukili wa mkeka sijui unashikwa wapi.