Bwana Aliyeing'arisha Baiskeli ya Utoto Wake

Wapendwa, kaeni. Leo sianzi na Biblia. Kwanza nina habari ya mtu, na naomba mnisikilize mpaka mwisho, hata pale itakapoanza kuwachoma.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyestaafu ukaguzi wa shule. Mtu wa heshima, mzee wa kanisa, mtu ambaye akisimama kuomba hata watoto wananyamaza. Baada ya kustaafu alirudi kwao, mji mdogo wa huko kwenye pamba, akae karibu na mama yake aliyekuwa na umri wa miaka themanini na saba.

Siku moja akawa anasafisha stoo ya marehemu baba yake. Nyuma ya magunia matupu akaikuta baiskeli aliyonunuliwa akiwa na miaka kumi na miwili. Baiskeli ndogo, ya mtoto. Zamani ilikuwa ya kijani, sasa yote ilikuwa kutu. Matairi yalikuwa yameoza, na panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Akaitoa nje, akaisimamisha juani, akasema, "Rafiki yangu, kumbe bado upo!"

Miezi mitatu aliihangaikia. Alizilegeza nati kwa mafuta ya taa, moja baada ya nyingine. Alipiga msasa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Alizifuta spoku kwa kitambaa kama mtu anayefuta vyombo vya mgeni. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umepinda vibaya. Akaupeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma, wakaupasha moto, wakaunyoosha. Akapaka rangi ya kijani ileile. Akatafuta kengele mpaka mkoa wa jirani.

Nani wa kumlaumu? Mtu na kumbukumbu zake. Hata mimi ningeifurahia.

Basi ikafika sherehe ya kumshukuru Mungu kwa maisha ya mama. Turubai likafungwa, ng'ombe akachinjwa, ndugu wakaja kutoka kila upande. Na pale mbele, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, baiskeli inameta. Yule bwana akashika kipaza sauti, akasema, "Wajukuu zangu, mnaiona hii? Baba yangu alinipa nikiwa mdogo. Imenifundisha kutunza vitu, na imenifundisha uaminifu."

Watu wakapiga makofi. Wakapanga foleni kupiga picha.

Katika foleni ile alikuwamo mwanamke mmoja mwenye mvi, kanga mbili na viatu vya plastiki. Jina lake Mbuke. Hakutaka picha. Aliinama, akapitisha mkono kwenye uma wa mbele, taratibu.

"Kaka," akasema, "hapa umepanyoosha?"

"Nimepanyoosha, dada. Fundi ni hodari. Huwezi hata kujua kwamba palipinda."

Mbuke akamtazama. "Mimi najua."

Akaondoka, akaenda kukaa mwishoni kabisa, karibu na masufuria.

Sasa niwaambie Mbuke ni nani. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa yule bwana. Mama yake alifariki, naye akaletwa kulelewa katika nyumba ile. Wakasoma darasa moja, na Mbuke ndiye aliyekuwa akishika namba ya kwanza. Baiskeli hakuruhusiwa kuigusa. Siku moja yule bwana, enzi hizo bado kijana, aliteremka nayo kwa kasi kwenye mteremko wa josho la ng'ombe, mahali alipokatazwa, akamgonga kwa nyuma mama jirani aliyekuwa na ndoo ya maji kichwani. Mama yule akaanguka kifudifudi, akavunjika nyonga. Kijana akainuka, akakimbia na baiskeli yake iliyopinda, akaificha nyuma ya jiko.

Jioni watu wakaja. Baba akauliza kwa sauti ya kutisha, "Nani alikuwa na baiskeli?"

Na yule kijana akasema, "Mbuke. Aliichukua bila kuniambia."

Mbuke alikataa, akalia, akaapa. Nani amsikilize? Asubuhi alipandishwa lori la pamba, akarudishwa kijijini kwa bibi yake. Shule ikaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza tena kwa miaka hamsini na mmoja.

Wapendwa, yule bwana alikuwa hajasahau. Nataka mlielewe hilo. Miezi mitatu ile, kila alipofika kwenye ule uma alifanya haraka. Alijua kabisa anachokinyoosha.

Lakini siku ile, baada ya yale maneno mawili ya Mbuke, aliiweka sahani yake chini bila kula. Alimwona amekaa kule kwenye moshi, sahani magotini, anakula kama mgeni kwenye nyumba aliyolelewa. Akamfuata. "Dada, naomba twende kwa mama."

Mama alikuwa amepumzika chumbani. Yule bwana akapiga magoti kando ya kitanda, mzee mzima na suti yake, akasema, "Mama, ile siku ya josho ni mimi niliyemgonga yule mama. Nilimsingizia Mbuke. Nisamehe."

Alitegemea mama atashtuka. Labda atalia, au atampiga kofi, na kofi lile angelipokea kwa shukrani. Mama aligeuzia uso ukutani.

Halafu akasema, "Nilijua, mwanangu."

"Ulijua?"

"Jioni ile si mimi niliyekuogesha? Magoti yako yalikuwa yamechubuka, yana changarawe. Nilizitoa moja moja kwa pini. Mbuke hakuwa na hata mkwaruzo."

"Mama, mbona hukumwambia baba?"

"Baba yako angekuua kwa viboko. Na wewe ulikuwa mtoto wangu."

Mbuke amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama ya mtoto wa miaka kumi na miwili:

"Mama mkubwa, na mimi nilikuwa wa nani?"

Nawauliza ninyi. Mjibuni. Alikuwa wa nani?

Mama akavuta shuka, akajifunika uso. Yule bwana alitoka nje, akachukua kipaza sauti kilekile, akawaeleza watu walewale waliompigia makofi. Aliyataja yote, hata ya mama yake. Wajukuu walimwangalia kama mtu wasiyemjua. Mbuke hakusema amesamehe. Aliaga watu wachache, akaenda stendi kuwahi gari la saa kumi. Mama yule wa nyonga alikwisha kufa zamani, akichechemea mpaka kaburini.

Imeishia hapo, wapendwa. Hawakukumbatiana. Ningependa kuwaongezea kipande kitamu, lakini nitakuwa nawadanganya.

Na sisi je? Sisi tunaosimulia tulivyolelewa vizuri, tunaotundika picha za zamani sebuleni? Katika picha ile, yuko wapi yule binti aliyekuwa akiosha vyombo? Yule ndugu aliyetajwa kuwa mwizi ili mmoja wetu asitajwe? Na sisi wazazi tulioona, tukajua, tukanyamaza kwa sababu mtoto wa kufukuzwa hakuwa wa kwetu, tunamwambia nini Mungu tukipiga magoti? Maana Mungu ana jibu la swali la Mbuke. Alikuwa wake. Tulimpandisha lori mtoto wa Mungu, tukarudi ndani kunywa chai.

Tumezoea mahali hapa kuitana mbele. Mtu anakuja, analia, anaombewa, anarudi nyumbani mwepesi. Leo simwiti mtu. Tuliyemkosea hayupo kwenye madhabahu hii. Yuko kijijini, yuko kwenye kibanda chake sokoni, labda yuko kwenye kiti cha nyuma yako. Mlango uko wazi. Nenda kwake kwanza. Asipokusamehe, hiyo ni haki yake, usimlazimishe.

Kwaya, msiimbe. Waacheni watu watoke.